Je, Mtihani ni wa Nani?

Huko Marekani kuna kazi ambayo wazazi huiona kwa macho lakini hawaifikirii sana. Mtoto mchanga aletwa hospitali. Hawezi kusema wala kuonyesha panapomwuma, analia tu. Mpimaji ampaka ute tumboni, aweka chombo kidogo juu ya ngozi, na mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio la mwanadamu yapita mwilini kwa mwendo wa mita 1,540 hivi kwa sekunde, yarudi, yageuka picha. Daktari huisoma picha ile, kisha hukata shauri. Upimaji huo ndio altrasaundi, ambayo Ian Donald na wenzake wa Glasgow waliitangazia dunia ya uganga mwaka 1958.

Mpimaji atakaye kutambuliwa kuwa hodari wa kupima watoto aweza kufanya mtihani wa chama kiitwacho ARDMS, kilichoanzishwa mwaka 1975. Sehemu moja yahusu elimu ya mawimbi na mitambo, nyingine yahusu mwili wa mtoto mwenyewe. Alama hutolewa toka 300 mpaka 700, na asiyefika 555 hakushinda. Ya kujifunza ni mengi: ubongo uonekanao kupitia utosi usiofunga bado, nyonga, ambayo kwa njia ya Graf wa Austria pembe yake ya nyuzi 60 au zaidi huonyesha uzima, utumbo uliojiingiza ndani ya utumbo. Kwa mtu afanyaye kazi mchana na kusoma usiku, watoto wake wamelala, mzigo huo si mwepesi.

Sasa tuseme rafiki yake amjia na kumwambia, “Mimi nimetoka mtihanini juzi. Maswali mengi nayakumbuka, nitakuandikia.” Rafiki huyo aliahidi kutotoa siri ya mtihani. Je, mwenzetu akiyapokea maswali yale, amemkosea nani?

Wako watakaojibu upesi kwamba hakumkosea mtu. Swali, wasema, si ng'ombe. Aliyeibiwa bado analo. Tena jibu la kweli ni la kweli, litoke wapi litokako. Akilishika kichwani, si amejifunza? Hoja hiyo ina nguvu, wala haifai kuipuuza.

Lakini tutazame mtihani ni kitu gani. Aonjaye mchuzi hali chungu kizima. Kijiko kimoja chamtosha, kwa kuwa kilichomo kijikoni ndicho kilichomo chunguni. Maswali ya mtihani ni kijiko hicho. Mwenye kuyajua kabla ya wakati ametia chumvi kijikoni peke yake. Mwonjaji atasifu, na wageni watapakuliwa mchuzi usio na ladha.

Na wageni hao ni akina nani? Ni mtoto wa wiki 5 anayetapika kila anyonyapo. Yawezekana msuli wa mlango wa chini wa tumbo lake umenenepa hata maziwa hayapiti, naye ahitaji kupasuliwa. Unene wa milimeta 3 au zaidi watia shaka kubwa. Aliyeiba swali huijua namba hiyo sawasawa na aliyesoma. Lakini aliyesoma ajua pia kwamba chombo kikiwekwa mshazari, msuli mzima huonekana mnene. Basi hupima tena. Mwingine anayo namba tu, hajui ipatikanavyo. Kumbe jibu lile la kweli halikuwa elimu.

Hatusemi kwamba mtu asisome pamoja na wenzake, wala asitumie vitabu na maswali ya mazoezi yaliyotangazwa wazi. Hiyo ni njia halali, tena njema. Wala hatudharau hasara ya kushindwa: ada imepotea, mshahara haukuongezeka, na aibu nayo yauma. Ila tupime vizuri. Hasara ya kushindwa kwa haki huichukua mtahiniwa mwenyewe, naye aweza kujaribu tena. Hasara ya kushinda kwa hila humwangukia mtoto asiyeulizwa, na mama yake aliyeona cheti ukutani akaamini. Si haki mtu kujipunguzia mzigo kwa kumtwika asiyeweza hata kusema.

Basi cheti ni neno la ahadi, na aliyeahidiwa si chama wala mwajiri. Ni yule alalaye juu ya kitanda cha kupimia.

Sisi wazazi nasi tusijitoe katika neno hili. Watoto wetu warudipo shuleni huwauliza, “Umeshinda?” Ni mara ngapi tumewauliza, “Umejua?” Yeye aliyezoea swali la kwanza tu tangu utoto, tusistaajabu siku atakapokubali karatasi ya rafiki yake.