Mwamuzi Mwenye Fungu Katika Shauri: Bima ya Afya na Haki ya Mgonjwa

Miongoni mwa maswali ya kale ambayo wanafalsafa, mafakihi na wanasheria wameyashughulikia bila kutofautiana sana katika jibu ni lile linalouliza kama mtu anaweza kuamua kwa uadilifu shauri ambalo yeye mwenyewe atapata faida likiamuliwa upande mmoja na hasara likiamuliwa upande wa pili. Waswahili hulijibu kwa kukataa kupeleka kesi ya nyani kwa ngedere. Mahakama ya Uingereza ililijibu mwaka 1610 katika shauri la tabibu Thomas Bonham, aliyetozwa faini na kutiwa kifungoni na Chuo cha Matabibu cha London kwa kutibu bila idhini ya chuo hicho, pale Jaji Edward Coke alipoeleza kwamba chuo hakiwezi kuwa mlalamikaji na mwamuzi kwa wakati mmoja, hasa ikiwa nusu ya faini inaingia katika hazina yake chenyewe. Swali hilohilo, ambalo wakati ule lilihusu riziki ya tabibu mmoja, leo linahusu uhai wa wagonjwa wengi katika migogoro inayoizunguka UnitedHealth Group, kampuni kubwa kuliko zote za bima ya afya nchini Marekani, ambayo mapato yake ya mwaka 2024 yalifikia takriban dola bilioni 400.

Chimbuko la kampuni hiyo lina fundisho lake. Ilianza katika jimbo la Minnesota katika miaka ya 1970, wakati ambapo sheria ya jimbo hilo haikuruhusu mashirika yanayosimamia tiba kwa malipo ya mkupuo, yaani yale yanayopokea mchango wa kila mwezi kisha kumhudumia mwanachama kila anapougua, yaendeshwe kwa ajili ya faida. Zuio hilo liliondolewa mwaka 2017 tu. Kampuni iliyoundwa mwaka 1977 kwa jina la United HealthCare haikuwa yenyewe shirika la namna hiyo, bali ilikuwa msimamizi wa kibiashara aliyeajiriwa kuendesha mpango wa madaktari usiotafuta faida, na mwaka 1984 hisa zake ziliuzwa kwa umma. Watunga sheria wa Minnesota walikuwa wameona jambo la kweli, kwamba fedha zilizochangwa na wazima kwa ajili ya wagonjwa ni amana, na kwamba amana hulindwa vyema zaidi pale anayeishika hana haki ya kubaki na kile kisichotumika. Kilichowashinda ni kuona kwamba faida iliyozuiwa mlangoni inaweza kuingia kwa mlango wa usimamizi.

Ili ubishi wenyewe ueleweke, yafaa kueleza jinsi dai la bima linavyoamuliwa. Mkataba wa bima ya afya hauahidi kulipia kila tiba ambayo mgonjwa au daktari ataitaka. Unaahidi kulipia tiba iliyo ya lazima kitabibu, na mara nyingi huitaka hospitali iombe kibali cha awali, yaani ruhusa ya kampuni kabla ya huduma kutolewa. Maneno hayo mawili, lazima na kibali, ndiyo yanayobeba uzito wote, kwa sababu anayeamua nini ni lazima ni yuleyule atakayelipa akikubali na atakayebaki na fedha akikataa. Si haki kudai kwamba kukataa kwenyewe ni dhuluma, maana mfuko wowote wa pamoja, uwe wa serikali, wa ushirika au wa wanahisa, una kikomo, na madaktari nao wapo wanaoagiza vipimo visivyohitajika kwa kuwa hulipwa kwa kila kipimo. Anayelinda mfuko dhidi ya matumizi ya ovyo anawalinda wachangiaji wote. Tatizo ni kwamba mgonjwa anayepokea jibu la hapana hana njia ya kujua kama jibu hilo limetoka katika elimu ya tiba au katika hesabu za robo ya mwaka, na mwenye kutoa jibu, hata akiwa mtu mwema, naye huenda asijue.

Mahakama Kuu ya Marekani imelitambua jambo hili waziwazi. Mwaka 2008, katika kesi iliyohusu kampuni nyingine ya bima, mahakama hiyo ilisema kwamba msimamizi anayetathmini madai na wakati huohuo kuyalipa yumo katika mgongano wa maslahi, yaani hali ambayo wajibu wake kwa mwingine unapingana na faida yake mwenyewe. Hata hivyo haikumwondolea kazi ya uamuzi; iliagiza tu kwamba mgongano huo uhesabiwe miongoni mwa mambo ya kupimwa. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1974, inayosimamia mafao wanayopewa wafanyakazi na waajiri binafsi, inaongeza uzito, kwa kuwa jinsi mahakama zilivyoitafsiri, mfanyakazi aliyenyimwa tiba kimakosa akishinda kesi hupewa thamani ya tiba aliyonyimwa, na kwa kawaida halipwi fidia ya maumivu, ulemavu au kifo kilichofuata. Kwa hesabu ya namna hiyo, kumnyima mtu haki yake hakumgharimu mnyimaji zaidi ya kile ambacho angekilipa tangu mwanzo. Ni vigumu kuona jinsi mwanafalsafa yeyote wa maadili, awe wa mapokeo gani, angeutetea mpangilio huo.

Tuhuma dhidi ya UnitedHealth zimejitokeza kwa sura mbalimbali. Mwaka 2009, baada ya uchunguzi wa Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York, Andrew Cuomo, kampuni ilikubali kufunga hifadhidata iliyomilikiwa na tawi lake la Ingenix, iliyotumiwa kukadiria bei za kawaida za madaktari na ambayo ilidaiwa kuzishusha ili wagonjwa wabebe sehemu kubwa ya gharama, na ikatoa dola milioni 50 za kuanzisha hifadhidata huru. Mwaka 2019 Jaji Joseph Spero wa California alihukumu kwamba tawi linalosimamia afya ya akili lilitumia miongozo iliyobana kuliko viwango vinavyokubalika na wataalamu, na kwamba maslahi ya fedha yaliathiri utungaji wa miongozo hiyo. Mahakama ya rufaa baadaye ilitengua sehemu kubwa ya hukumu hiyo, ikizingatia kwamba mikataba ilimpa msimamizi mamlaka mapana ya kuitafsiri.

Kesi iliyofunguliwa Minnesota Novemba 2023 inagusa jambo zito zaidi. Walalamikaji wanadai kwamba kampuni ilitumia programu ya kompyuta iitwayo nH Predict, inayokadiria siku ambazo mzee aliyetoka hospitali atahitaji katika kituo cha uuguzi na utengamao, yaani huduma ya kumrudishia mgonjwa uwezo wa kutembea na kujihudumia, na kwamba makadirio hayo yalipewa nafasi ya juu kuliko maoni ya madaktari waliokuwa wakimtibu. Kampuni inakanusha, ikisema kwamba programu hiyo ni mwongozo na haitumiki kufanya uamuzi wa malipo. Mahakama ndiyo itakayopima ushahidi. Lakini ripoti ya kamati ndogo ya uchunguzi ya Seneti, iliyotolewa Oktoba 2024, ilionyesha kwamba katika mipango ya wazee ya kampuni hiyo, maombi ya huduma za baada ya hospitali yaliyokataliwa yalipanda kutoka asilimia 10.9 mwaka 2020 hadi asilimia 22.7 mwaka 2022. Ni vigumu kuamini kwamba katika miaka miwili hiyo hali za wazee hao au elimu ya tiba zilibadilika kiasi cha kueleza ongezeko la zaidi ya maradufu.

Hapa fikra za Kiislamu kuhusu mikataba zinatoa mwanga ambao mjadala wa Marekani umeukosa. Mafakihi walio wengi wameitilia shaka bima ya kibiashara kwa sababu ya gharari, yaani utata unaofanya upande mmoja usijue unanunua nini. Ndiyo maana Baraza la Fikihi la Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1985 liliikataa bima ya namna hiyo na kuielekeza jamii kwenye bima ya ushirika, ambayo wachangiaji hutoa kwa nia ya kusaidiana, ziada ikabaki kuwa yao, na mwendeshaji akalipwa ujira wake. Gharari inayotajwa kwa kawaida ni ile ya maradhi yenyewe, kwamba hakuna ajuaye kama atayapata. Utata huo watetezi wa bima huweza kuujibu, kwa kuwa hakuna mwanadamu aliyeutunga. Lakini mwenye bima wa Marekani anakabiliwa na utata wa pili, nao ndio mbaya: maradhi yamekwisha kuja, mchango umekwisha kulipwa, daktari amekwisha kuandika, na bado haijulikani kama ahadi itatimizwa. Utata huu umetungwa na upande mmoja wa mkataba, nao ndio unaofaidika nao. Surat al-Maida hufunguliwa kwa amri ya kutimiza mikataba, na ni taabu kusema kwamba mkataba umetimizwa pale ambapo utimizaji wake unategemea hiari ya mdaiwa.

Wapo wanaosema kwamba kosa hurekebishwa kwa rufaa. Jibu hilo lina upungufu wa msingi, kwa kuwa mgonjwa si mdai wa kawaida ambaye fedha zake zikicheleweshwa hubaki fedha. Mwenye saratani anayepata kibali baada ya miezi miwili hakurudishiwa kile alichonyimwa, maana uvimbe haukusimama kusubiri. Aidha, aliyelala kitandani ndiye mwenye nguvu chache za kuandika barua na kufuatilia simu, na uchambuzi wa bima zinazouzwa kupitia soko la serikali ya shirikisho umeonyesha kwamba madai yanayokatiwa rufaa hayafiki asilimia 1 ya yaliyokataliwa. Haki inayomtaka mnyonge awe na afya ndipo aidai imemwelemea yule inayodai kumlinda.

Tarehe 4 Desemba 2024 Brian Thompson, mtendaji mkuu wa tawi la bima la UnitedHealthcare, baba wa watoto wawili, aliuawa kwa risasi jijini New York akielekea kwenye mkutano wa wawekezaji. Maganda ya risasi yalikuwa na maneno yanayohusu kuchelewesha na kukataa. Aliyeshtakiwa amekana mashtaka. Kilichowashtua wengi, baada ya kifo chenyewe, ni kwamba sehemu ya umma ilishangilia, na wengine wakasimulia madai yao yaliyokataliwa kana kwamba wanatoa ushahidi mahakamani. Uchungu wao ulikuwa wa kweli na ulistahili kusikilizwa miaka mingi kabla. Hata hivyo, yeyote aliyefyatua risasi ile alijifanya mlalamikaji, hakimu na mtekelezaji wa hukumu kwa pamoja, bila kumpa aliyehukumiwa nafasi ya kusema neno, na kwa kufanya hivyo aliingia katika kosa lilelile la msingi ambalo kampuni inalaumiwa kwalo, akalifikisha mahali ambapo hakuna rufaa ya aina yoyote. Mwenye kuipenda haki hawezi kulilaani moja na kulishangilia la pili.

Sheria ya Marekani, kwa kweli, imekwisha kukiri kanuni ya Coke katika kona moja. Tangu mageuzi ya bima ya mwaka 2010, mgonjwa aliyeshindwa katika rufaa ya ndani ana haki ya kupeleka suala lake kwa mtathmini wa nje asiye mwajiriwa wa kampuni, ambaye katika hali ya dharura hutakiwa kuamua ndani ya saa 72. Na katika mipango binafsi ya wazee, kampuni ikishikilia msimamo wake katika rufaa ya kwanza, jalada hupelekwa kwa mtathmini huru hata kama mgonjwa hakuomba. Kinachobaki kuhojiwa ni kwa nini jalada lisipelekwe huko mapema zaidi, kila pale kampuni inapotaka kupingana na daktari anayemtibu mgonjwa kwa sababu za kitabibu, kabla mgonjwa hajaandika barua hata moja, na gharama ya utathmini huo ikabebwa na mwenye kukataa.