Ijumaa Jioni Si Siku ya Gereji

Wajukuu zangu, kaeni. Mwenye simu aiweke chini. Kesho kutwa mna harusi Lushoto, leo pikipiki haiwaki na Canter ya kubebea viti na maturubai imechemsha kabla hata haijatoka Tanga mjini, nanyi mnanitazama kana kwamba nina spea mfukoni. Sina. Nilichobakiwa nacho baada ya kuendesha malori ujana wangu wote ni maneno, na mengi nimeyasema humu barazani mpaka nimeyachoka. Nitayarudia kwa sababu ninyi hamjayachoka, hamjawahi kuyasikiliza.

La kwanza, acheni kuvilaani vyombo. Chombo kilichogoma Alhamisi, nyumbani, mchana, kimewaheshimu. Kingeweza kungoja kona za Soni usiku, mvua inanyesha, mama zenu wamekaa juu ya mizigo. Na msiseme vimeharibika ghafla. Bandu bandu huisha gogo. Cheni ile imekuwa ikilia tangu mwezi wa Ramadhani, mkaongeza sauti ya redio. Gari lile limekuwa likinywa maji kila wiki, mkanunua dumu kubwa zaidi la kubebea maji. Safari haikuharibu kitu. Safari imewalazimisha kutazama mlichokuwa mnakikwepa.

Tuanze na pikipiki. Tangu asubuhi mnapokezana kupiga kiki, kila mmoja akiamini mguu wake una baraka kuliko wa mwenzake. Injini ya petroli inataka mambo matatu: hewa, mafuta na moto wa plagi. Lililokosekana hutafutwa kwa macho, si kwa mguu. Fungueni plagi muitazame. Ikitoka imelowa petroli, mafuta yanafika, ila cheche ni dhaifu au haipo kabisa. Ikiwa na masizi meusi makavu, petroli imeizidi hewa, na mara nyingi mkosaji ni chujio la hewa lililojaa vumbi. Ikiwa kavu hata baada ya kiki nyingi, fuateni njia ya mafuta kutoka kwenye tangi, kwenye koki, kwenye mpira, mpaka kwenye kabureta. Pikipiki iliyolala muda mrefu na petroli ndani ya kabureta huacha utando wa gundi, na tundu la jeti ni dogo mno, uchafu kidogo tu unaliziba. Hapo kiki elfu hazisaidii. Kabureta ifunguliwe, isafishwe, ipulizwe, irudishwe.

Ikishawaka, msishangilie bado. Bonyezeni cheni katikati. Icheze sentimita mbili hadi tatu. Zungusheni gurudumu mpime tena mahali pengine, maana cheni iliyochoka huwa imekaza hapa na kulegea pale. Ya namna hiyo haikazwi. Inatolewa, na spoketi zake zote mbili zinatolewa pamoja nayo, kwa sababu meno yaliyochongoka yataitafuna cheni mpya kabla hamjamaliza kuisifu. Mnaona ni gharama. Cheni ikikatika kwenye mwendo inaweza kujisokota kwenye gurudumu la nyuma na kulifunga papo hapo, na hapo gharama haihesabiwi dukani.

Canter ndiyo inayoninyima usingizi. Leo nimemwona mmoja wenu akikimbilia kofia ya rejeta na kitambaa mkononi, injini bado inatokota. Kofia ile imewekwa ili ishikilie presha, na maji yaliyo chini ya presha hupita nyuzi 100 bila kuchemka. Ukiifungua, presha inatoka, maji yanachemka yote kwa mara moja na kuruka usoni mwako. Zimeni gari, ngojeni mpaka mpira mkubwa wa rejeta ushikike kwa mkono mtupu, ndipo mfungue taratibu. Kisha acheni kujaza maji na muulize yanakwenda wapi. Tazameni mipira, pampu ya maji, mkanda wa feni. Tazameni oili: ikiwa na rangi ya maziwa, maji yameingia humo, na pengine gasketi ya silinda hedi imekwisha. Gari la namna hiyo haliendi harusini hata likiombewa dua.

Fundi akiwaambia, "Tutoe thamostati, gari litapoa," mwambieni asante, mtafute mwingine. Najua ni desturi ya gereji nyingi. Injini isiyo na thamostati hufanya kazi ikiwa baridi kuliko ilivyopangiwa, hula dizeli zaidi na kuchakaa mapema, na ule ubovu uliosababisha joto unabaki palepale, umefichwa. Mtaukuta njiani baada ya Mombo, gari linapopanda na mzigo.

Na kupanda si kazi kubwa. Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kilomita 30 na ushei za kona, mkipanda karibu mita 1,000. Gari likishindwa kupanda, linasimama. Jumapili mtashuka njia ileile mkiwa mmeshiba pilau na usingizi umewakaa machoni, na gari linaloshindwa kushuka halisimami. Breki zikikanyagwa mfululizo hupata joto mpaka zinaacha kushika, hata ziwe mpya. Mafuta ya breki yakizeeka hufyonza unyevu na kuchemka mapema, mguu ukazama hadi chini bila kukutana na kitu. Kwa hiyo badilisheni mafuta hayo kabla ya kwenda, na mkishuka, shukeni kwa gia ileile ambayo ingewapandisha. Anayetia nyutro mlimani ili abane dizeli nisimwone kwenye usukani wa gari langu.

Tairi nazo zina umri. Ubavuni mtakuta tarakimu nne: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata nzuri na mpira uliokwisha kukauka na kupasukapasuka. Na mkibadilisha gurudumu leo, nati zikazwe tena baada ya kwenda kilomita 50 hadi 100, kwa sababu hulegea kidogo zinapojikalisha.

Sasa fundi. Mnampelekea gari Ijumaa jioni, foleni imefika barabarani, duka la spea linakaribia kufungwa, halafu mnamwambia, "Fanya ufanyavyo, tunaondoka alfajiri." Sentensi hiyo ni ruhusa ya kufunga kwa waya kinachotakiwa kufungwa kwa bolti. Pelekeni mapema, Jumatatu au Jumanne, na mseme ukweli wote. Mnamficha kwamba gari lilichemka mara nyingi kwa kuogopa bei itapanda. Mficha maradhi kilio humfichua. Daini spea ya zamani muione kwa macho yenu, ndipo mtajua kilibadilishwa nini. Na msijaribu gari kwa kuzunguka gereji likiwa tupu. Litieni mzigo, mliendeshe kwenye barabara kuu mpaka lipate moto, mrudi, mtazame panapovuja.

Likiwasimamia njiani, litoeni barabarani kadiri linavyokwenda, washeni taa za hatari, wekeni pembetatu mbali nyuma ya gari, si pembeni ya bampa. Matawi ya miti yanasaidia, lakini usiku hayang'ai. Watu wote washuke wakae mbali na lami, upande wa porini. Na mkiondoka, yaondoeni mawe mliyozuilia magurudumu. Nimeona pikipiki zikiangushwa na mawe yaliyoachwa na watu waliotengeneza gari wakaenda zao salama. Mkikuta chombo cha mwingine kimeanguka, saidieni watu, msisogelee mafuta. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka Msamvu, Morogoro. Watu wakalikimbilia na madumu, likalipuka, na waliokufa walizidi 100. Taifa zima lililia, lakini hata leo lori likianguka madumu yanatoka.

Haya yote ni ya spana, na spana mtajifunza. Linalonichosha ni jingine. Miaka yote niliyokaa barabarani sikuona ubovu ukiwaua watu wengi kama inavyowaua safari iliyokwisha kutangazwa. Mtu anajua breki zake si nzima, lakini amekwisha kuahidi. Viti ni vyake, maturubai ni yake, shangazi amekwisha kuwaambia majirani kwamba gari la mwanawe linakuja. Anaona haya kupiga simu moja, basi anawapakia jamaa zake juu ya viti na kutia "Bismillahi" mahali palipotakiwa lining'i mpya ya breki. Dua ni njema. Mtume alipoulizwa na mtu aliyetaka kumwacha ngamia wake kwa kumtegemea Mungu, alimwambia amfunge kwanza, kisha ategemee.

Kuahirisha ni kazi ya ufundi kama kazi nyingine. Hufanywa mapema, hufanywa wazi, na hufanywa na mtu mmoja mwenye kauli. Mkiwa saba na kila mmoja ana maoni yake, atashinda mwenye haraka. Chagueni leo nani atasema "haliendi", na akisema, asibishiwe. Asichekwe pia, maana kicheko ndicho kinachowafanya vijana waondoke usiku na taa moja.

Basi nimemaliza. Pikipiki ibaki, hata ikiwaka leo, cheni ile si ya kupandia mlima. Canter ikaguliwe kesho asubuhi, na kama fundi hajaitia mzigo na kuijaribu hadi saa nane mchana, nayo ibaki. Ikibaki, kodini gari zima la kubebea viti na maturubai, na watu wapande basi la asubuhi. Nauli zao zote hazifiki bei ya jeneza moja. Shangazi yenu apigiwe simu usiku huu, kabla hajalala, aambiwe ukweli wote. Atanung'unika, kisha atawapikia. Mkubwa wenu achukue simu sasa hivi, apige nikiwa nasikia.