Sifuri na Ukimya

Programu ya wavuti, yaani ile inayotumika ndani ya kivinjari, hutegemea seva, kompyuta ya mbali inayohifadhi taarifa na kupokea ujumbe wa watumiaji wengi. DHIS2, mfumo wa aina hiyo wa takwimu za afya uliobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo na kuenea Tanzania nzima kufikia 2013, huweza pia kutunza tarakimu kwa muda katika kivinjari mtandao unapokatika, kisha kuzipeleka unaporejea. Hivyo hesabu za zahanati ya Kibosho au Marangu, zilizojumlishwa kutoka vitabu vya MTUHA, ambavyo ni rejesta za karatasi za vituo vya afya, zaweza kuwa zimekwisha kuandikwa ilhali seva haizijui.

Je, anayetazama kisanduku kitupu cha fomu kwenye seva amejua nini? Sifuri ni ushahidi wa mtu aliyeangalia asione, ilhali ukimya hauna shahidi. Vivyo hivyo, mkulima aliye upande wa chini wa mfongo, mfereji wa jadi wa Wachagga, akiukuta mkavu hawezi kutambua kama chemchemi imekauka au maji yamefungwa huko juu.

DHIS2, isipoagizwa vinginevyo, haihifadhi sifuri. Hilo hupunguza mzigo wa seva, na mara nyingi halidhuru. Lakini kwenye vifo vya uzazi ni jambo zito mno. Muuguzi aliyepekua rejesta ya mwezi mzima, ukurasa kwa ukurasa, akaandika 0, ameweka amana, yaani kitu kilichokabidhiwa kitunzwe, kwa maana ileile inayofundishwa misikitini na makanisani Moshi. Msanifu wa fomu anayeacha sifuri hiyo itupwe amemnyang'anya muuguzi ushahidi wake, na kisanduku kinachobaki kitupu hakimtofautishi tena na yule ambaye hakufungua rejesta kabisa.