Hasira Yangu na Hasira ya Umati

Mwaka wa kwanza chuoni, kabla karo haijanishinda, niliandika insha kuhusu wazee wanaouawa kwetu Gusii kwa kuitwa wachawi. Mhadhiri akairudisha: hisia nyingi, takwimu kidogo.

Sawa, takwimu hizi hapa. Mei 2008, watu 11 walichomwa hadi kufa Kisii, wengi wao akina mama wazee. Oktoba 2021, akina mama wanne wakauawa Marani. Lakini hesabu hiyo haikuambii kwa nini magokoro, nyanya yangu wa Nyamira, aliacha kuota jua nje ya nyumba yake. Nilipomuuliza alisema, "Mjukuu wangu, siku hizi nikikohoa watu wanageuka."

Hapo ndipo niliwaelewa kina Audre Lorde. Mwaka wa 1981, huko Marekani, alisimama mbele ya wasomi wanawake wenzake akaitetea hasira ya mwanamke mweusi: ina habari ndani yake. Mwaka wa 1989, Alison Jaggar akaandika kwamba anayeonewa anaweza kuhisi kasoro kabla hajapata maneno ya kuitaja. Magokoro alikuwa ameshahisi.

Lakini kuna swali linaninyima usingizi. Umati wa Marani pia ulikuwa na hofu na hasira. Kama hisia ni ushahidi, mbona yangu ikubaliwe na yao ikataliwe?

Sara Ahmed, katika kitabu chake cha 2004, anatutaka tuangalie hisia inafanya nini na inamganda nani. Kwetu humganda mjane, mzee, mara nyingi mwenye kipande cha shamba ambacho mtu anakimezea mate. Mtoto akiugua, lawama inajua njia ya kwenda kwake. Hofu ya magokoro ukiiuliza maswali inajibu: nani amegeuka, tangu lini, nani analitaka shamba. Ya umati huja usiku na petroli, haingoji kuulizwa.

Ningependa kuishia hapo, nikiwa upande mzuri. Lakini nikiwa mdogo, mimi na wenzangu tulikuwa tukipita mbio kwa mjane mmoja jirani. Hakuna aliyetuambia amefanya nini. Miguu ilijua tu. Nilidhani hofu ile ni yangu, kumbe nilipewa. Siku hizi, kabla sijaiamini hisia yoyote, naiuliza imetoka kwa nani.

Yule mama alishafariki. Sikuwahi hata kumsalimia.