Donge Likiisha, Mguu Hubaki

Mguu mmoja ukivimba ghafla bila mtu kuteguka wala kuumwa na mdudu, swali la kwanza huku mlimani Uchaggani mara nyingi ni la nani. Nani kamtupia? Kakanyaga nini, na mlangoni kwa nani? Utalisikia Kibosho, utalisikia Rombo, hata kwa watu wa kanisani na wasomi. Silidharau. Anayeuliza hivyo anakataa kwamba maumivu yanaweza kumwangukia mtu bila maana yoyote. Ila naamini maana anaitafuta pasipo pake.

Tuutazame mwili wenyewe. Damu hushuka miguuni kwa nguvu ya moyo, lakini ili irudi lazima ipande. Misuli ya shavu la mguu huikamua mishipa ya vena kila tunapopiga hatua, na vilango vidogo ndani ya mishipa hiyo huzuia damu isiteremke tena. Fabricius wa Padua alivieleza vilango hivyo mwaka 1603. Mwaka 1628 mwanafunzi wake, William Harvey, akavitumia kuonyesha kwamba damu huzunguka mwilini. Damu ikituama, ukuta wa mshipa ukijeruhiwa, au damu yenyewe ikiwa rahisi kuganda, donge la damu huweza kufanyika katika mshipa wa ndani na kuuvimbisha mguu.

Anayenifikirisha zaidi ni mjamzito. Mimba inapokua, damu ya mama huongezewa uwezo wa kuganda, ili siku ya kujifungua isimwagike ikamuua. Ulinzi huohuo huweza kumletea donge mguuni, hasa katika wiki 6 za kwanza baada ya kujifungua. Sasa adui ni nani? Kilichomdhuru ndicho kilichokuwa kikimlinda. Anayetafuta mchawi hataridhika na jibu hili. Mimi naona lina faraja kubwa, kwa kuwa linamwondolea jirani lawama na mgonjwa aibu.

Hatari ya mwanzo ni donge kumeguka na kukimbilia mapafuni. Dawa za kuzuia damu kuganda hulifanya lisikue, na mwili wenyewe huliyeyusha taratibu. Lakini likiondoka huweza kuacha vilango vimeharibika na mshipa umeziba kiasi. Kati ya kila wagonjwa 100, kuanzia 20 hadi 50 hubaki na tatizo la kudumu, ambalo kwa wengi hujitokeza ndani ya miaka 2: mguu mzito, uvimbe unaozidi jioni, muwasho, ngozi inayokuwa nyeusi na ngumu karibu na kifundo, na kwa wachache kidonda ndugu.

Hapo ndipo upweke unapoanza. Ndugu wamekwisha kutoa shukrani, dozi imekwisha, na mama karudi kusimama sokoni Mbuyuni tangu alfajiri. Jioni mguu umejaa. Akisema, anaulizwa kama si alishapona. Tumezoea kuugawa uhai mara mbili, ugonjwa na uzima, na anayeishi katikati hatuna pa kumweka.

Wazee wa Kichagga walijua kuishi na kitu cha namna hiyo. Mifongo yao, mifereji iliyoteremsha maji kutoka makorongoni hadi mashamba yao ya vihamba, haikuacha kuziba na kubomoka kingo. Kazi yao ilikuwa kuizibua na kuijenga tena, na kila aliyenywesha migomba yake kwa maji hayo alipaswa kufika kazini. Mguu ulioharibika vilango nao hutunzwa hivyo: kutembea kila siku, kuuinua juu ya usawa wa moyo wakati wa kupumzika, kuilainisha ngozi isipasuke, kupunguza uzito uliozidi, na kuvaa soksi za kubana zilizopimwa, baada ya daktari kuhakikisha kwamba damu inashuka mguuni vizuri. Ni kazi ndogo isiyo na siku ya mwisho. Kwangu mimi, maana iliyotafutwa kwa mganga inakaa hapa, katika tunachofanya baada ya kuumia na katika watu wanaofika kutusaidia.

Hospitali ya KCMC hapa Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971, iko chini ya Shirika la Msamaria Mwema. Katika habari ile ya Injili ya Luka, wengi hukumbuka mafuta, divai na vidonda vilivyofungwa. Mimi hukaa zaidi kwenye sehemu inayofuata: yule Msamaria alimwachia mwenye nyumba ya wageni fedha za kumtunza majeruhi, akaahidi kulipa gharama yoyote itakayozidi atakaporudi. Alijua kwamba kufunga jeraha hakumalizi deni la huruma.

Basi, msomaji, mguu mmoja ukivimba na kuuma, nenda hospitali siku hiyohiyo. Na kifua kikibana au pumzi ikikatika, usisubiri hata saa moja. Na ikiwa nyumbani kwako yuko aliyewahi kupata donge la damu, ukimkuta mchana ameuegemeza mguu juu ya mto, usimwite mvivu. Anafanya kazi yake. Chukua ndoo umsaidie kuteka maji.