Barua ya Mtu ni Amana ya Nani?

Miongoni mwa ada zilizoenea Uingereza katika enzi ya Malkia Victoria, yaani kati ya mwaka 1837 na 1901, ilikuwamo ada ya kukusanya sahihi na barua za watu mashuhuri. Gharama ya posta ilipopunguzwa mwaka 1840, hata barua ikaweza kupelekwa po pote katika nchi ile kwa peni moja, watu wa kila hali waliandikiana. Waliojulikana kwa vitabu, kwa vita au kwa safari wakawa wakipokea maombi ya watu wasiowajua, kila mmoja akitaka walau mstari mmoja wenye jina chini yake. Wengine hawakungoja kuandikiwa. Walitwaa barua zilizoandikiwa watu wengine, wakakata kwa mkasi kipande chenye sahihi, wakakibandika katika daftari, na maneno yaliyobaki wakayatupa. Mwandishi Charles Dickens alichukizwa mno na jinsi barua za faragha za watu wakubwa zilivyotumiwa vibaya, hata mwezi wa Septemba 1860, nyuma ya nyumba yake, akazichoma moto barua alizoandikiwa kwa muda wa miaka ishirini.

Mwalimu wa Kiswahili aweza kuuliza: Haya yatuhusu nini sisi? Yatuhusu kwa sababu baadhi ya barua zilizosifiwa sana za enzi ile ziliandikwa katika nchi zetu, zikachukuliwa na watu wetu kwa miguu hadi pwani, na baadhi yao ziliandikwa kwa mkono wa watu wetu hasa. Leo zimo katika maktaba na majumba ya makumbusho ya Ulaya, au katika makabati ya matajiri. Basi suala la nani mwenye haki ya kuihifadhi, kuiuza na kuisoma barua ya mtu aliyekufa si suala la Waingereza peke yao.

Nami nisingalilifikiri kwa makini kama nisingaliulizwa na mwanafunzi. Hapa Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi mkabala wa mji wa Mbarara, huja kwangu watu wazima kadhaa kujifunza Kiswahili sanifu cha kuandika. Wengine ni Wanyankole, na wengine ni watu waliokulia katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, ambako Kiswahili cha Kongo ndicho lugha ya mazungumzo ya wengi. Siku moja tulikuwa katika somo la uandishi wa barua. Nikawaeleza msemo wa wazee kwamba barua ni nusu ya kuonana, na kwa mfano nikawasimulia habari ya barua moja ya David Livingstone.

Barua hiyo aliiandika tarehe 5 Februari 1871 huko Bambarre, mahali paitwapo siku hizi Kabambare, katika nchi ya Maniema. Alikuwa mgonjwa, na vifaa vya kuandikia vilikuwa vimemwishia. Alimwandikia rafiki yake Horace Waller aliyekuwa Uingereza, akaeleza unyonge wa mwili wake na shaka yake kama wataonana tena. Alitamka kwamba maneno hayo ni kwa macho ya Waller peke yake. Waller hakuichoma. Katika karne ya 20 barua ile iliingia mnadani, ikanunuliwa na mkusanyaji. Kwa kuwa wino ulikuwa umefifia na kupenya upande wa pili wa karatasi, haikusomeka yote mpaka mwaka 2010, wataalamu wakiongozwa na Adrian Wisnicki walipoipiga picha kwa mianga ya namna mbalimbali na kuyatangaza maneno yake kwa ulimwengu mzima.

Nilipomaliza, mwanafunzi mmoja wa Nakivale akaniuliza: "Mwalimu, mwenyewe alisema ni kwa macho ya mtu mmoja. Basi sisi tunaisoma kwa ruhusa ya nani?"

Nilimjibu upesi kwamba hatuna ruhusa, na kwamba mwenye barua akisha sema, neno lake litiiwe. Nilidhani nimejibu vema. Lakini baada ya wenzake kuondoka alibaki, akanieleza kwamba yeye anayo barua ya marehemu kaka yake, iliyoandikwa Kongo wakati wa vita. Mwishoni kaka alimwomba aichome akisha kuisoma. Hakuichoma, kwa sababu ndani yake yametajwa majina ya watu wa kijiji chao waliouawa, na mahali walipozikwa. Akasema, "Nikiichoma, hao watu wamezikwa mara ya pili. Nikiionyesha, nimemwasi kaka yangu." Hapo nilitambua kwamba jibu langu lilikuwa jepesi mno.

Natuipime hoja ya kila upande. Asemaye kwamba barua ya faragha isiguswe ana hoja nzito. Aandikaye barua hafanani na aandikaye kitabu. Mtungaji wa kitabu huvaa nguo ya kutokea, bali mwandishi wa barua amekaa ndani kwake na mlango umefungwa. Akifa, hawezi tena kujitetea wala kufafanua alilokusudia. Kumwingilia kwa kuwa tu alikuwa mashuhuri ni kusema kwamba umaarufu humnyang'anya mtu haki aliyo nayo hata maskini. Naam, katika barua ile ya Kabambare tumeyasoma pia maradhi na uzee wa Livingstone, ambayo hayakutuhusu.

Hata hivyo hoja hiyo ina upungufu. Inachukulia kwamba barua ina wenyewe wawili tu, aliyeandika na aliyeandikiwa. Tazama mambo ya mwaka huo huo wa 1871. Tarehe 15 Julai, katika soko la Nyangwe, kwenye ukingo wa mto Lualaba, watu wengi, na wanawake hasa, waliuawa na wenye bunduki waliotoka katika misafara ya biashara ya watumwa na pembe. Livingstone alikuwapo, akayaandika aliyoyaona juu ya gazeti kuukuu kwa wino wa rangi ya mimea. Waller alipozihariri na kuzitoa shajara za rafiki yake mwaka 1874, msomaji aliletewa habari iliyokwisha kusafishwa na kupangwa. Maandishi ya asili yaliposomwa tena kwa mianga ile na kutolewa mwaka 2011, ilidhihirika kwamba hayakuwa sawasawa na yaliyochapishwa. Sasa twauliza: Je, maandishi hayo yalikuwa mali ya Livingstone na Waller tu? Na waliokufa sokoni hawakuwa na fungu ndani yake? Wao hawakuandika barua, wala hakuna aliyekusanya sahihi zao. Kumbukumbu yao imekaa katika karatasi ya mtu mwingine, na karatasi hiyo ikifichwa, wao wamefichwa pamoja nayo.

Aidha, kuna watu wengine wasioonekana. Mwaka 1875 Henry Stanley alimwacha katika kasri ya Mutesa I, Kabaka wa Buganda, kijana aitwaye Dallington Maftaa, aliyesomeshwa na misheni huko Unguja. Huyo ndiye aliyekuwa karani wa Kabaka kwa Kiingereza, na ndiye aliyeziandika baadhi ya barua za Mutesa kwa Gordon mwaka 1876, kwa Kiingereza cha tahajia ya ajabu kilichobeba lafudhi ya mwandishi wake. Mkusanyaji akinunua barua ya namna hiyo, amenunua mkono wa nani? Jina ni la Mutesa, lakini kalamu ni ya mtoto wa shule wa Unguja. Atakayekata jina na kutupa maneno atakuwa amemtupa Dallington mzima mzima.

Kadhalika Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo mwaka 1873, Abdullah Susi, James Chuma na wenzao waliichukua maiti yake pamoja na vitabu na karatasi zake, wakasafiri miezi mingi hadi Bagamoyo, wakafika mwezi wa Februari 1874. Hawakujua kwamba siku moja karatasi zile zingenadiwa kwa fedha nyingi. Walizichukua kama amana, wakaifikisha kwa wenyewe. Katika historia nzima ya ukusanyaji wa karatasi za Livingstone, nawahesabu hao kuwa wakusanyaji bora kupita wote.

Nchi hii ya Ankole nayo ina mfano wake. Mwezi wa Julai 1889 Stanley alipita hapa akirudi na Emin Pasha, akachanjiana damu na Buchunku, jamaa wa Mugabe Ntare, kwa niaba ya Mugabe. Kwa desturi ya hapa, damu ilikuwa ndiyo sahihi. Lakini udugu ule ulipofika Ulaya uligeuzwa maandishi, ukahesabiwa kuwa mkataba wa kutoa haki za nchi. Ntare hakuwa na karatasi ya kuonyesha alichokusudia. Karatasi za Stanley, kinyume chake, zilitunzwa vizuri, na tangu mwaka 2000 zimo Ubelgiji, katika makumbusho ya Tervuren. Twajifunza kwamba aliyeshika karatasi ameshika na kauli. Kwa hiyo anayesema barua zote za wafu zifungwe au zichomwe, hata kama ana nia njema, huwaachia neno la mwisho wale waliokuwa na makarani.

Mtu ataniambia: "Basi umefungua mlango. Kila mdadisi atapata sababu ya kusoma siri za mwenzake." Naikubali hatari hiyo, na nadhani tunahitaji kipimo. Kipimo changu ni hiki: Jina lililo chini ya barua likifutwa, je, ungeitaka bado? Aliyekata sahihi kwa mkasi alilitaka jina, maneno hayakumshughulisha. Huyo hakuwa na haki. Anayetafuta barua za mapenzi au za ugonjwa za mtu mkubwa naye hulitaka jina, kwani maneno kama hayo yamo katika kila nyumba. Huyo pia aziache. Bali habari za Nyangwe, hata zingeandikwa na mpagazi asiyejulikana, zingepasa kuhifadhiwa na kusomwa. Na anayezishika ni mdhamini tu. Haimpasi kuikata barua, wala kuificha kwa wale ambao habari zao zimo ndani yake. Mtu wa Maniema asilazimike kuwa tajiri ili asome yaliyoandikwa juu ya wazee wake.

Nilimrudia mwanafunzi wangu kwa fikira hizo, nikamwambia kwamba nilikosea kumjibu kwa haraka. Nikamwuliza kwa nini kaka yake alitaka barua ichomwe. Akafikiri, akasema, "Aliogopa wangeikuta nayo njiani, wakaniua." Basi ombi lile lilikuwa la kumlinda aliye hai, halikuwa la kuwafuta waliokufa. Hatari ile ya njiani imekwisha. Ila nilimwonya kwamba katika barua hiyo wamo pia walio hai, na kuyatangaza majina yao bila idhini yao kungekuwa kuwarudisha katika hatari ile ile. Tukakubaliana kwamba ataandika kwa mkono wake orodha ya marehemu na mahali walipozikwa, awape jamaa zao walioko Nakivale, na barua yenyewe aiweke ilipo. Sehemu ya maneno ya kaka kwa mdogo wake sikuomba kuisoma, wala hakunionyesha.

Sisi walimu wa Kiswahili twafundisha kila mwaka anwani, tarehe, mwanzo na mwisho wa barua. Mara chache twafundisha wajibu wa aipokeaye, na wajibu wa amwandikiaye mwingine asiyejua kuandika, kama wafanyavyo wanafunzi wangu kwa wazee wao makambini. Naona jambo hilo lastahili nafasi katika somo letu. Huenda nimekosea katika kipimo nilichokitoa. Wenzangu wenye maoni mengine wayaandike katika kurasa hizi, ili tuelimishane.