Jumanne: Fedha Alizozitazamia Feliki

Soma Matendo 23:11–24 na 24:17–27. Paulo alichukua hatua gani alipopata habari za njama? Kwa nini Feliki alimwita mara kwa mara?

Watu zaidi ya 40 walikuwa wameapa kutokula wala kunywa mpaka wamuue Paulo. Usiku uliotangulia Bwana alikuwa amemhakikishia kwamba atashuhudia Rumi. Hata hivyo, mpwa wake alipoleta habari, Paulo hakumrudisha nyumbani akaombe tu. Alimwita akida, naye akampeleka kijana kwa jemadari. Jemadari akamwagiza asimwambie mtu neno lolote, na usiku huohuo askari 470 wakamsindikiza Paulo. (Siri hiyo ya jemadari inafaa kukumbukwa siku hizi, ambapo jina la aliyetekwa husambazwa kwenye makundi ya simu kabla familia haijaarifiwa.)

Huko Kaisaria tishio lilibadilika sura. Feliki alisikia kwamba Paulo alikuwa ameleta sadaka kwa taifa lake. Kumbe nyuma ya mfungwa huyu wako watu wanaochanga! Akatazamia kupewa fedha. Ikapita miaka 2. Luka hataji fedha yoyote iliyotolewa. Anachotaja ni kwamba rafiki za Paulo waliruhusiwa kumhudumia.

Hesabu ya Feliki ndiyo ya watekaji wa leo. Oktoba 16, 2021, nchini Haiti, genge liitwalo 400 Mawozo liliteka watu 17 wa shirika la Christian Aid Ministries, watoto wadogo wakiwamo, waliokuwa wametoka kutembelea kituo cha yatima. Lilidai dola milioni 1 kwa kila mmoja. Baadaye shirika lilieleza kwamba watu wengine walitoa fedha za fidia, lakini genge halikuwaachilia wote. Watu 12 wa mwisho walitoroka usiku mwezi Desemba, wakiwa na mtoto mchanga mikononi.

Mashirika mengi huamua mapema kutolipa fidia, kwa kuwa malipo ya leo hupanga bei ya mtumishi wa kesho. Hoja hiyo ina nguvu. Lakini Nehemia 5:8 inasimulia Wayahudi waliowakomboa ndugu zao waliouzwa kwa mataifa, wala Nehemia hawalaumu kwa hilo. Tena uamuzi huo ni mwepesi kwenye meza ya kamati; uzito wake huangukia mke wa mchungaji anayesubiri simu ilie. Basi mtumishi na familia yake wauelewe kabla hajapelekwa mahali pa hatari: nani atazungumza na watekaji, nani atakaa na watoto, na kwamba mshahara hautakatwa hata kama kifungo kitakuwa cha miaka 2 kama cha Paulo.

Jadilini: Kama mwinjilisti wa kanisa lenu angetekwa Sabato hii, nani angepigiwa simu kwanza? Je, mke wake anajua jibu hilo?